Kabla Hujaweka PIN: Kununua na Kutunza Laptop ya Gemu Ukiwa Gongoni

Laptop nzuri ya gemu inakaribia bei ya bodaboda mpya. Kwa watu wengi wa Gongoni, Mambrui na Marereni, hiyo ni akiba ya mwaka mzima au zaidi, imewekwa kidogo kidogo kwenye simu. Halafu siku moja pesa yote inatoka kwa sekunde chache. Unaandika namba, unaandika kiasi, unaweka PIN, basi.

Hapo ndipo penye jambo. Kabla ya PIN, nguvu yote iko mkononi mwako: unaweza kuuliza, kukagua, kukataa, hata kuondoka. Baada ya PIN, unabaki na meseji na ahadi ya muuzaji. Kwa hivyo makala haya yanahusu mambo ya kumaliza kabla ya dakika hiyo, kisha namna ya kuitunza mashine isiharibike katika mji wenye jua, upepo wa bahari na mashamba ya chumvi.

Kwanza, unaitaka ya nini?

Jiulize swali hili kwa ukweli kabla ya kuanza kuangalia bei. Kama unachotaka ni mechi mbili tatu za mpira jioni na marafiki, ile sehemu ya PS pale mtaani itakutosha kwa bei ndogo sana. Kama ni eFootball au gemu za simu, simu nzuri inatosha.

Laptop ya gemu inaanza kuwa na maana ukiwa na kazi nyingine ya kuipa. Mashine yenye uwezo wa kucheza gemu nzito ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuhariri video za harusi, kuchora ramani za nyumba, kutengeneza katuni au kufanya kazi za chuo zinazohitaji kompyuta yenye nguvu. Piga hesabu hivi: ukinunua kwa KSh 150,000 na ukaitumia miaka 3, yaani miezi 36, ni kama umelipa KSh 4,167 kila mwezi. Je, kuna mtu Malindi au Watamu atakayekulipa zaidi ya hiyo kwa mwezi kwa kuhariri video zake? Kama jibu ni ndiyo, mashine inaweza kujilipa. Kama jibu ni hapana, bado unaweza kuinunua, ni pesa yako, lakini ujue unanunua starehe.

Bei ya dukani si bei yote

Wengi huweka akiba hadi kufikia bei waliyoona kwenye tangazo, wakalipa, kisha wakabaki mikono mitupu. Laptop ya gemu inaendelea kula baada ya kuinunua.

Stima. Chaja ya laptop ya kawaida ni wati 45 au 65. Chaja ya laptop ya gemu huwa wati 180, 240, na nyingine hupita 300. Tuseme yako inavuta wati 240 ukiwa ndani ya gemu, na unacheza saa 3 kila siku. Hiyo ni uniti 0.72 kwa siku, karibu uniti 22 kwa mwezi. Angalia meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, utajua uniti moja inakugharimu ngapi. Ikiwa ni KSh 28, gemu peke yake zitakula karibu KSh 600 kwa mwezi. Kama mita ni ya familia au mnashirikiana na majirani wa ploti, zungumzeni mapema. Usingoje mama aulize tokeni zimeenda wapi.

Bando. Gemu za kisasa ni kubwa. EA Sports FC 25 kwenye kompyuta inaomba nafasi ya GB 100, na bado kuna masasisho ya mara kwa mara. Ukishusha kwa bando la simu, gemu moja inaweza kumaliza pesa ya mwezi mzima. Wenye ujuzi hushusha mahali penye Wi-Fi isiyo na kikomo, au hunakili faili za gemu kutoka kwa rafiki kwa hadi ya nje, kisha kila mmoja anaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Bado utahitaji kuwa umeinunua gemu hiyo, lakini utakuwa umeokoa bando.

Gemu zenyewe. Maduka mengi ya gemu mtandaoni yanataka kadi. Ukiwa huna kadi ya benki, M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni iitwayo GlobalPay, iliyozinduliwa 2022, ambayo hukata pesa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako ya simu. Kumbuka bei huwa kwa dola, kwa hivyo angalia kiasi cha shilingi kabla ya kukubali.

Vifaa vya kando. Mausi, begi lenye sponji, stendi ya kuinua laptop, na kifaa cha kulinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka. Vyote si vya lazima siku ya kwanza, lakini hicho cha mwisho kwetu ni cha lazima.

Ushauri wetu: ukiwa na KSh 150,000, tafuta mashine ya KSh 130,000. Hiyo elfu 20 iliyobaki utaijua kazi yake ndani ya wiki mbili.

Kuweka akiba bila kuigusa

Mshahara wa kila mwezi, malipo ya kibarua cha chumvi ya kila wiki, au faida ya duka, vyote vina tabia moja: vikikaa kwenye akaunti ya kawaida ya simu vinaisha. Fungua akiba ya kufungia, kama ile ya M-Shwari, uchague muda, na uweke pesa kila unapolipwa. Ukiweka KSh 2,500 kila wiki, ndani ya wiki 52 unafika KSh 130,000. Chama nacho kinasaidia, mradi zamu yako iandikwe na wanachama wawe watu mnaojuana.

Kitu cha kuepuka ni kujazia bei kwa mkopo wa simu. Fuliza inafaa ukikwama nauli au unga, kwa sababu ada yake inahesabiwa kila siku. Ukiitumia kununulia kitu cha anasa ambacho hakitakuletea pesa wiki hiyo, kila siku inayopita unalipia laptop mara ya pili. Kama bei haijatimia, subiri. Mara nyingi laptop za gemu hushuka bei toleo jipya linapotoka.

Jina kwenye stika linaweza kukudanganya

Muuzaji akisema "hii ni gaming," muulize mambo manne. Usitosheke na taa za rangi kwenye kibodi.

Kadi ya grafiksi ni ipi, na ina GB ngapi? Hiki ndicho kitu kinachoendesha gemu. RTX 4050 ya laptop ina GB 6, RTX 4060 ina GB 8. Kuna mashine za zamani zenye GTX 1650 ya GB 4 ambazo bado zinauzwa kwa jina kubwa. Zinacheza gemu nyingi, lakini usizilipie bei ya kadi mpya.

Inapewa wati ngapi? Hapa wengi hawajui. RTX 4060 ya laptop inaweza kutengenezwa kufanya kazi kuanzia wati 35 hadi 115, kulingana na kampuni iliyounda laptop. Jina ni lile lile, kasi ni tofauti sana. Laptop nyembamba yenye RTX 4060 inaweza kushindwa na laptop nene yenye kadi ya chini yake. Tafuta namba hii kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia modeli kamili, ile ndefu yenye herufi na namba.

RAM ngapi, na inaongezeka? GB 16 ndiyo ya kuanzia leo. Kama ina GB 8, uliza kama kuna nafasi ya kuongeza. Kwenye laptop nyingine RAM imegandishwa kwenye bodi.

SSD ngapi? Kwa gemu za GB 100, SSD ya GB 512 inajaa haraka. Uliza kama kuna nafasi ya pili.

Na usidanganywe na betri. Ukicheza gemu nzito bila chaja, laptop nyingi za aina hii hupunguza kasi na kuzima ndani ya saa moja au mbili. Hiyo si hitilafu. Mashine hizi zimeundwa kuchezea zikiwa kwenye stima.

Mpya, au ex-UK?

Laptop mpya inakuja na waranti na sanduku lililofungwa. Ex-UK ni bei nafuu, na Kenya zimejaa. Utaona sana HP ZBook na Dell Precision, mashine zilizotengenezwa kwa wahandisi na wachoraji. Zina kadi za grafiksi za kitaalamu zinazoweza kucheza gemu, na mwili wake ni imara. Kwa mtu wa bajeti ndogo si chaguo baya hata kidogo, mradi ukubali kwamba gemu mpya kabisa utazicheza kwa ubora wa chini.

Jambo moja la kuangalia kwenye mitumba: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa Microsoft Oktoba 14, 2025. Windows 11 kwa kawaida inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au ya AMD ya miaka hiyo. Ukinunua ya chini ya hapo, umenunua mashine isiyopata masasisho ya usalama, na wewe unaingia kwenye akaunti zako za pesa humo humo.

Iwe mpya au ya mtumba, ukaguzi unachukua nusu saa. Fanya hivi ukiwa dukani:

1. Washa mashine, fungua Task Manager, uende Performance. Soma jina la GPU, kiasi cha RAM na cha diski. Lazima vilingane na tangazo.
2. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Kama cha sasa ni chini ya nusu, omba bei ishuke au betri mpya.
3. Linganisha namba ya siri iliyo chini ya laptop na inayoonekana ndani ya mfumo. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti. Namba zikitofautiana, au stika imekwanguliwa, ondoka. Inaweza kuwa ya wizi.
4. Iwashe upya uone kama inadai nywila ya BIOS au inaonyesha jina la kampuni fulani. Mashine iliyofungwa na kampuni ya zamani inaweza kujifunga tena ukishafika nyumbani.
5. Chezesha gemu au programu nzito kwa dakika 20 ikiwa kwenye chaja yake. Sikiliza feni. Angalia kama picha inakwama kadri inavyopata joto. Mashine mbovu huficha ugonjwa wake dakika tano za kwanza.
6. Jaribu kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, spika, na bawaba za skrini.

Muuzaji anayekataa ukaguzi huu amekujibu tayari.

Siku ya kulipa

Maduka mengi ya mashine hizi yako Mombasa na Nairobi. Kutoka Gongoni kwenda Nairobi na kurudi ni nauli, siku mbili na kulala. Ndiyo maana watu hushawishika kutuma pesa yote na kungoja mzigo. Lakini pesa za simu zina faida moja ambayo wengi hawaitumii: anayekagua na anayelipa si lazima wawe mahali pamoja.

Tafuta mtu wako aliye karibu na duka, binamu, shangazi, rafiki uliyesoma naye. Mtumie ile orodha ya mambo sita. Aende, akague, akupigie video ukiona mashine ikifanya kazi. Akiridhika, akusomee namba ya Till iliyobandikwa dukani. Wewe unalipa ukiwa Gongoni. Anatoka na laptop na risiti mkononi, kisha anaituma kwa basi. Pesa haikupitia mikononi mwa mtu, wala hukulipa kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Wakati wa kulipa, zingatia haya:

Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, si kwa namba binafsi. Ukiambiwa "Till imekwama, tuma tu kwa namba yangu," subiri Till ikae sawa. Kwa kawaida ukilipa kwa Till mteja hukatwi ada, ilhali kutuma kwa namba ya mtu kuna gharama. Muhimu zaidi, Till ina jina la biashara.

Soma jina linalotokea kabla ya kukubali malipo. Likiwa si jina la duka au la mwenye duka uliyeambiwa, ghairi. Ukighairi kabla ya PIN hujapoteza hata shilingi.

Jua kikomo. Kwenye M-Pesa muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, na kwa siku hauzidi KSh 500,000. Mashine ya KSh 320,000 utailipa kwa miamala miwili. Hakikisha misimbo yote miwili imeandikwa kwenye risiti moja.

Usitoe taslimu bila sababu. Kubeba laki na nusu kwenye matatu kutoka Malindi ni hatari, na utalipa ada ya kutoa juu yake.

Hifadhi meseji. Ule msimbo wa herufi na namba 10 ndio ushahidi wako. Piga picha ya skrini, kwa sababu simu nayo hupotea.

Dai risiti kamili. Iwe na jina la duka, tarehe, modeli, namba ya siri ya mashine, muda wa waranti, na ni nani atakayelipia usafiri waranti ikitumika. Hili la mwisho ni muhimu kwa mtu wa Gongoni. Waranti ya mwaka mzima isiyosema nani analipa nauli ya mzigo inaweza kukula nusu ya faida yake.

Kwenye ofisi ya mizigo ya basi, mtu wako atangaze thamani ya mzigo na achukue stakabadhi. Laptop ikae kwenye sanduku lake lenye sponji, na apige video wakati wa kufunga. Ukiipokea Malindi, piga video wakati wa kufungua.

Kuhusu kurudisha pesa

Hapa kuna kutoelewana kwingi. Huduma ya kurudisha muamala, ile ya kusambaza meseji ya M-Pesa kwenda 456, ni ya mtu aliyekosea namba. Inafanikiwa kama pesa bado iko kwa aliyepokea na hakuna mzozo. Haikuundwa kuamua kama laptop uliyouziwa ni nzima au mbovu. Kampuni ya pesa za simu haiwezi kuingia dukani kupima feni. Kwa hivyo usilipe ukijiambia "ikiwa mbaya nita-reverse."

Ukiuziwa kitu kibovu, njia yako ni nyingine. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Anza kwa kumwandikia muuzaji ukiwa na risiti na msimbo. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na huhitaji wakili. Ushahidi wako utakuwa ile risiti, ile meseji na zile video. Ukiwa ulilipa kwa namba binafsi bila risiti, safari hiyo inakuwa ngumu sana.

Sauti za matapeli

Ukianza kutafuta laptop mtandaoni, meseji hizi zitakufikia. Zijue mapema.

"Boss, kuna mteja mwingine yuko hapa na cash. Tuma hata nusu nikuwekee." Mjibu: "Kaka, mpe huyo. Mimi nitalipa mtu wangu akishaiona." Muuzaji wa kweli hatakasirika.

"Mzigo wako umekwama customs JKIA. Tuma KSh 8,500 ya ushuru kwa namba hii." Bidhaa kutoka nje hutozwa ushuru kweli, ikiwemo VAT ya asilimia 16. Lakini malipo ya serikali hupitia Paybill 222222 baada ya kupewa namba ya malipo. Ofisa wa ushuru hapokei kwa namba yake.

"RTX 4080, mwezi mmoja tu imetumika, KSh 45,000, nahamia ng'ambo." Bei ya kutupa ni chambo. Picha huwa za kuibwa, na "mwenyewe" kila siku yuko safarini.

"Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha." Angalia salio kwanza, usiangalie meseji. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe irudishwe kupitia mtoa huduma.

Meseji za utapeli kwenye laini ya Safaricom zisambaze bure kwenda 333. Ukishatapeliwa, piga simu kwa mtoa huduma mara moja, kisha uende kituo cha polisi uchukue namba ya OB. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Na sisi watoa huduma hatutakuuliza PIN yako kamwe, kwa simu wala kwa meseji.

Ikishafika Gongoni

Sasa mashine iko mezani. Adui zake hapa kwetu ni watatu.

Chumvi. Chumvi nyingi inayoliwa Kenya hutoka ukanda huu wa Magarini, na upepo unaovuma juu ya bahari na mashamba ya chumvi hubeba chembe ndogo ndogo. Umeona mabati na misumari inavyokula kutu. Laptop ya gemu inavuta hewa nyingi kuliko laptop ya kawaida, kwa hivyo inavuta na hiyo chumvi. Chembe zikikaa kwenye bodi huvuta unyevu wa hewa, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Matokeo ni kutu kwenye viungo na shoti ndogo ndogo ambazo fundi hatazielewa kwa urahisi. Usichezee barazani upande unaopigwa na upepo, iwe ni kusi au kaskazi. Cheza ndani, mbali na dirisha. Ukimaliza, ngoja ipoe, kisha uifunike au uiweke kwenye begi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Joto. Watengenezaji wengi hupima laptop zao kwa hewa isiyozidi nyuzi 35. Mchana wa Machi chini ya mabati, chumba kinaweza kupita hapo bila wewe kujua. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na hapo ndipo gemu inaanza kukwama. Cheza usiku au asubuhi. Inua sehemu ya nyuma kwa stendi au hata vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Usiiweke kitandani, godoro huziba matundu yote. Feni ya chumba ielekezwe kwako na kwa mashine. Kila baada ya miezi mitatu hivi toa vumbi kwa kipulizia hewa, ukishika panga za feni kwa kijiti zisizunguke. Mara moja kwa mwaka, fundi anayeijua kazi aifungue na kubadilisha dawa ya joto juu ya prosesa. Kabla ya kumpa, muulize mwenye duka kama kuifungua kutavunja waranti.

Stima. Ikipotea ghafla, betri itakuokoa. Hatari iko wakati inarudi, maana inaweza kurudi ikiwa juu ya kawaida ya volti 240. Tumia kile kifaa ambacho wengi hukiita TV guard, kinachokata stima mbaya na kusubiri kidogo kabla ya kuirudisha. Hakikisha kinabeba wati za chaja yako. Mvua ya radi ikianza, chomoa. Na kwa kuwa mashine itakaa kwenye chaja muda mwingi, ingia kwenye programu ya mtengenezaji uweke betri isimamie asilimia 80. Itadumu zaidi.

Usibadilishe chaja ya asili na yoyote unayopata sokoni. Chaja ya wati ndogo itafanya mashine icheze polepole, na ya bandia inaweza kuchoma bodi yenye thamani ya nusu ya laptop.

Siku ya kuiuza

Siku moja utataka kuiuza. Hapo wewe ndiye muuzaji, na matapeli watabadilisha wimbo. Kutaneni mahali penye watu. Mnunuzi akikuonyesha meseji kwenye simu yake, au ukipata meseji inayofanana na ya M-Pesa kutoka kwa namba ya kawaida, usiachie mashine. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Futa data zako, toka kwenye akaunti zote, hasa zile zilizounganishwa na kadi yako ya malipo. Mpe mnunuzi risiti yako ya kwanza. Laptop yenye historia inayojulikana hupata bei nzuri.

Kwa ufupi, kabla hujaweka PIN:

- Nimeacha pesa ya tokeni, bando na kifaa cha kulinda stima.
- Najua jina la GPU, wati zake, RAM na SSD.
- Mimi au mtu wangu ameikagua nusu saa, ikiwa kwenye chaja.
- Namba ya siri ya mashine inalingana na ya kwenye mfumo.
- Nalipa kwa Till au Paybill, na jina nililoliona ni la duka.
- Risiti ina namba ya siri, waranti na nani analipa usafiri.

Yote sita yakiwa sawa, weka PIN yako ukiwa na amani. Hata moja likikosekana, funga simu. Laptop nyingine zipo, na pesa bado ni yako.